Samaki Ambao Hawakupimwa

Émilienne Misenga alifundisha falsafa ya sayansi katika chuo kimoja cha Kindu, somo ambalo wanafunzi walilivumilia tu ili wamalize mwaka. Kwa hiyo alishangaa Soudi, mkemia, alipomletea tangazo la redio amsahihishie lugha. Wachimba dhahabu wa Kama, mbali na mji, humwaga zebaki mtoni, na Soudi na wenzake walikuwa wamepima samaki. Tangazo lilisema: samaki wetu hawana sumu.

"Mulipima samaki ya wapi, Papa Soudi?"

"Ya soko ya hapa. Ya ku Kama, hapana. Barabara ilikufa."

"Basi musiseme sumu hakuna. Museme hamujaiona."

Soudi alicheka kidogo. "Mama Émilienne, watu wanataka jibu. Falsafa haishibishi muntu."

Émilienne hakubishana. Alimsimulia tu habari za miaka ya vita, mji ulipozingirwa na treni kukoma. Redio ilitangaza kwamba hakuna habari mbaya kutoka ng'ambo, Alunguli. Kaka yake, Daddy, akavuka kutafuta muhogo. Kweli habari hazikuwapo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amerudi kuzileta. Daddy naye hakurudi. Alisema hayo kwa sauti ileile ya darasani.

Soudi akakunja karatasi. "Sasa tufanye nini?"

"Tuulize wenye kula."

Wakavuka kwenda Alunguli, wakaketi na wauza samaki. Zainabu, mkubwa wao, alikuwa na swali moja: "Mwanamuke wa mimba akule samaki gani, aache gani?"

Soudi alikiri kwamba hajui, hakuwa amelichunguza. Kiangazi, barabara ilipopitika, alikwenda Kama, akapima samaki wadogo peke yao, na wale wakubwa walao wenzao peke yao. Kwa wakubwa zebaki ikaonekana.

Tangazo jipya lilikuwa refu. Lilitaja kilichopimwa na kisichopimwa, likawashauri wajawazito wale samaki wadogo. Kwa majuma kadhaa samaki wakubwa waliozea mezani sokoni bila mnunuzi.

"Maneno yenu imetuumiza," Zainabu alimwambia Émilienne.

"Najua, mama."

Zainabu akarudi kwenye meza yake ya samaki. Lakini binti yake, aliyekuwa na mimba, alipikiwa wadogo tu.

Siku hizi Soudi humwita Émilienne kabla ya kupima chochote. Hugombana, na mara nyingine Soudi ndiye aliye sahihi.