Ratiba ya Treni Iliyosomwa kwa Sauti

Kama kuna mtu aliyejiona amefika katika kazi ya kutengeneza tovuti, basi ni Fundi Majedwali. Jina hilo alipewa na wenzake katika ofisi yao ya ghorofani, juu ya duka la viatu, na wala halikumuudhi. Miaka ile kurasa za mtandaoni zilijengwa kwa majedwali: jedwali ndani ya jedwali, na ndani yake jingine tena. Palipobaki mwanya usiotakiwa, ulitumbukiza kapicha kasikoonekana kasukume vitu vikae sawa. Mwanamke yule alikuwa bingwa wa mambo hayo. Tovuti ya shirika la treni aliisuka peke yake kwa miezi miwili, na vile vipicha vyake, alivyoviita "nafasi", vilikuwa themanini na viwili kwenye ukurasa wa mbele tu.

Tovuti ilipofunguliwa, akaenda kwa dada yake kujitapa kidogo. Shemeji yake, mume wa dada, alikuwa fundi redio. Macho yalikuwa yamemzimikia miaka miwili nyuma, lakini ulimi ulikuwa na makali yaleyale. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kumsomea yaliyo kwenye kioo, kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Haya shemeji, tuyasikie maajabu yako," alisema, akavuta kiti.

Sauti ikaanza. "Jedwali. Jedwali. Jedwali. Nafasi. Nafasi. Nafasi. Jedwali. Nafasi..."

Dada akachungulia kutoka jikoni akidhani mashine imekwama. Dakika nne zikapita, nafasi zinamiminika tu. Mwishowe shemeji akaizima.

"Mimi nilitaka kujua treni ya asubuhi inaondoka saa ngapi," alisema. "Naambiwa kuna nafasi. Nafasi tele! Sasa nikate tiketi?"

Wote watatu walicheka mpaka machozi. Lakini njiani kurudi nyumbani, Fundi Majedwali hakuwa na kicheko tena. Miezi miwili ya jasho, na mtu wake wa karibu hakupata hata saa ya treni!

Kesho yake, wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki kwenye kompyuta akitafuta. Ndipo alipoiangukia blogu moja ya mtu wa nchi ya mbali, asiyetaja jina wala kuweka sura yake, ila picha ya buli la chai. Akamwita Mwenye Buli. Huyo Mwenye Buli alikuwa akihubiri jambo moja kwa namna mia: maneno ya ukurasa yaandikwe kwa utaratibu wake, kichwa cha habari kiwe kichwa, aya iwe aya, orodha iwe orodha, rangi na mipangilio vikae kwenye faili la pembeni, kwa lugha iitwayo CSS. Ukifuata viwango hivyo, alisema, ukurasa utasomeka kwenye kivinjari chochote, na hata kwa masikio.

Fundi Majedwali alisoma makala ya kwanza, ya Kiingereza, kamusi ikiwa mapajani. Akasoma ya pili. Wenzake waliporudi walimkuta anachapisha ya saba, na mashine ya kuchapia imeishiwa wino.

"Nani kafariki?" aliuliza mwenzake mmoja, alipoona uso ulivyokaza.

"Majedwali," akajibu.

Alivunja tovuti yote, akaijenga upya. Wiki ya kwanza safu za ukurasa zilimkimbia: ukivuta ya kushoto, ya kulia inaporomoka hadi chini kabisa, kama imesusa. Wiki ya pili alianza kuota nambari za vipimo vyake. Wiki ya tatu safu zikatulia. Meneja alipoitwa kutazama, alikizunguka kioo kama anayenunua gari.

"Mbona iko vilevile?"

"Ndiyo, bosi. Iko vilevile."

"Wiki tatu, ili iwe vilevile?"

Fundi alifungua lile faili la pembeni, akabadili neno moja, na kurasa zote arobaini zikageuka kutoka bluu kuwa kijani kwa mpigo. Macho yakamtoka meneja. Akaomba kiti. Mchana kutwa hakuna aliyefanya kazi ya maana, kwa kuwa bosi alikuwa anajaribu rangi, na ilibidi abembelezwe kuiacha ile ya zambarau.

Jumamosi, Fundi akarudi kwa dada yake kifua mbele. Sauti ya mafua ikasoma: "Kichwa cha habari: Karibu. Orodha ya viungo vinne. Ratiba." Shemeji akatabasamu, akabonyeza ratiba. Vikasomwa vituo vyote kumi na kimoja, kimoja kimoja. Kisha zikasomwa saa zote, moja moja. Ikaishia hapo.

"Shemeji," akasema taratibu, "vituo nimevipata, na saa nimezipata. Ila sijui ipi ni ya nani."

Fundi akashika tama. Kwa hasira zake za kufuta majedwali, alikuwa ameifuta hata ratiba na kuigeuza orodha mbili! Alimwandikia Mwenye Buli palepale, kwa Kiingereza cha kuungaunga, na jioni jibu likaja: "Dada, ratiba ni jedwali la kweli, lina safu na mistari yenye maana. Irudishe. Ila kila safu ipe kichwa chake, ili msikilizaji ajue yuko wapi. Sisi tulichokataa ni kulifanya jedwali kuwa ukuta wa nyumba."

Alicheka peke yake, akajiona mjinga, na hakuona vibaya. Marekebisho yalimchukua saa moja tu. Jumatatu asubuhi simu ya ofisini ikalia.

"Treni ya kwanza, kituo cha tatu, saa mbili na robo," shemeji alisema bila hata salamu. "Mashine imenisomea yenyewe. Nimeshakata tiketi, naenda kumwona mama. Dada yako anasema niende naye, namwambia nafasi zimejaa."

"Mwache dada yangu!"

"Sasa wewe, haya uliyoyasoma kwa kamusi, mafundi wengine watayasoma wapi?"

Swali hilo halikumtoka akilini. Wiki hiyohiyo akafungua blogu yake, kwa Kiswahili, na katika makala ya kwanza akaeleza lini jedwali ni jedwali na lini ni uvivu. Siku tatu hakuna aliyetia mguu. Siku ya nne mtu asiyemjua akaandika: "Nimefuata yote, lakini safu ya kulia imeporomoka chini. Nisaidie, mwalimu."

Mwalimu! Akasogeza kiti, akanyoosha vidole, akaanza kumjibu.