Mguu Uliopasuliwa Bure

Daktari wa upasuaji alishindwa kumtazama mgonjwa machoni. Jana alimpasua mguu ili achukue mfupa mwembamba, pamoja na nyama na mshipa wake wa damu, amtengenezee taya jipya. Ndani akakuta mshipa huo ndio pekee unaolisha wayo, na akiukata wayo utakufa, akaushona mguu bila kuchukua kitu. Picha ya mishipa ingemwonyesha mapema, ila kabla ya kupasua aligusa kifundo, akahisi mapigo, akajiona hodari asiyehitaji picha.

“Mguu umeuchana kama samaki, daktari,” alisema dada wa mgonjwa. “Taya liko wapi?”

Muuguzi akataka kumsitiri mkubwa wake. “Maumbile hayafanani, dada.”

“Yangeonekana kwenye picha,” daktari alisema. “Sikuiagiza.”

Mgonjwa, asiyeweza kusema kwa kukosa taya, akajifunika shuka gubigubi.