Mtu wa Kumi na Tano

Shemeji yangu ni fundi bomba, na milingoti yote ya raga ya mkoa wetu ameisimamisha yeye, bure, kwa mabomba ya maji. Watu wanamwita Mabomba. Dada yangu, yaani mke wake, koki ya jikoni ikivuja husema, "Ngoja nivae jezi, labda nitatengenezewa."

Jumamosi moja alinigongea hata chai sijanywa.

"Shem, washa gari. Tuko kumi na wanne."

Nikajua tumekwisha, maana raga ni watu kumi na watano. Msimu ule timu yetu ilishapungukiwa watu mara mbili, na kupungukiwa mara ya tatu ni kufutwa. Mkoa mzima ulikuwa umebakiwa na timu tatu. Zikibaki mbili hiyo si ligi tena, ni ugomvi wa majirani, na wakubwa walishasema wataifunga.

Tukazunguka mlango kwa mlango. Mwokaji mikate alikuwa zamu. Fundi viatu alitoka akichechemea, mguu umefungwa plasta, akatuomba radhi kama vile aliuvunja makusudi. Kwa muuza simu, mke wake alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Amelala."

"Si umwamshe, mama," shemeji akambembeleza.

"Mara ya mwisho nilimwamsha, mkanirudishia hana meno mawili ya mbele. Siku hizi akiniita anapiga mluzi. Haamki mtu hapa."

Mimi nikacheka. Shemeji hakucheka, na hapo ndipo nikaogopa, maana huyu alicheka hata siku mlingoti ulipomwangukia.

"Niandike mimi," nikamwambia tulipokuwa garini.

"Wewe? Daktari si amekukataza hata ngazi?"

"Basi cheza mwenyewe."

"Umri umepita, Shem. Na sheria hiyo niliitunga mwenyewe."

Uwanjani tulikuta wapinzani wanapasha misuli. Hao nao ni kama watoto wake. Zamani timu ilikuwa moja tu, yetu, inacheza yenyewe kwa yenyewe kila wiki kama mtu anayejipiga makofi kwenye kioo. Shemeji akaanza kugawa. Alikata nusu ya timu akaipeleka upande wa pili wa mji, akawajengea milingoti, akawafulia jezi mpaka walipojua kufua. Baadaye akakata tena. Na alitoa wale wazuri, eti kumpiga mnyonge hakuna raha. Safari ya mwisho alimtoa mwanawe wa pekee. Sasa ndiye nahodha wao.

Refa, ambaye naye alifundishwa na shemeji, alikuwa anaangalia saa. Shemeji akamfuata mwanawe.

"Mwanangu, niazime mtu mmoja. Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu, Baba. Lakini hebu tuhesabu."

Shemeji akawahesabu kwa kidole. Akawahesabu tena, kama vile kuna aliyejificha nyuma ya mlingoti. Kumi na watano kamili.

"Nikikupa mmoja tunapungukiwa sisi," kijana akasema. "Na kwetu pia itakuwa mara ya tatu."

"Huna hata wa akiba?"

"Akiba itoke wapi? Uligawa mpaka makombo, Baba. Hata mimi ulinigawa. Hukuniuliza."

"Wewe ndiye uliyekuwa mzuri kuliko wote."

"Nilikuwa mwanao. Nililala kule nikijiuliza nimekukosea nini."



Refa akasogea. "Mwalimu, nisamehe."

"Piga tu. Nilikufundisha usichelewe."

Kipyenga kikalia. Hivyo ndivyo ligi ilivyokufa, watu wamefunga viatu tayari, hawajui waelekee wapi.

Shemeji akaenda kwenye mlingoti, akaanza kufungua magodoro yanayofungwa pale watu wasijigonge, kama afanyavyo baada ya kila mechi. Vidole vikamgomea kwenye kamba. Nikajaribu mzaha: "Angalau leo dada hatafua jezi." Akanitazama, nikatamani kuyameza maneno yangu.

Mwanawe akaja. Nilidhani amekuja kumsaidia kamba. Akavua jezi yake, akainama kwenye begi letu, akatoa ile moja iliyobaki.

"Unafanya nini?" baba yake akauliza.

"Ligi imeshakufa. Nani atanizuia?"

"Haihesabiki hii, mwanangu. Umechelewa. Tumechelewa wote."

"Najua." Akamgeukia refa. "Tupigie kipyenga. Sisi kumi na watano, wale kumi na wanne. Wakilia, shauri yao."

Wakacheza. Jezi ilimbana mabegani, imeshonwa enzi zile hana hata ndevu. Shemeji alibaki kwenye mlingoti wake, godoro moja linaning'inia, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Midomo ilikuwa inamtikisika. Nikadhani anaomba dua, nikasogea.

Alikuwa anahesabu watu wetu. Akifika kumi na tano, anaanza upya.