Majivu Kwenye Tuta la Swaythby

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 4 Machi 2008, siku watu wa mambo ya kale waliponikataza kumzika mke wangu.

Enid alitaka majivu yake yafukiwe Swaythby, kwenye malisho yetu. Zamani palikuwa kijiji. Mwenye ardhi akawafukuza watu akaweka kondoo, na tangu hapo wakubwa hawajabadilika. Yamebaki matuta chini ya nyasi: hapa palikuwa nyumba, pale njia, na lile refu kule juu lilikuwa kanisa. Enid alikuwa akiketi juu yake na chupa ya chai, akisema hapo ndipo hasikii redio yangu.

Kasisi Noakes hakuwa na neno. Alisema ardhi ya kanisa iliwekwa wakfu na hakuna aliyewahi kuutengua wakfu huo. Lakini wale wa mambo ya kale wakamleta Bi Orrell, binti wa buti safi, aje kunieleza kwamba uwanja unalindwa na sheria na sepetu isiguse udongo.

"Fuko wanachimba humo kila siku," nikamwambia.

"Fuko hawahitaji kibali, Bwana Thirkell."

"Basi wana bahati. Na kodi hawalipi."

Hakucheka.

Nikatii sheria. Sepetu niliiacha bandani. Nilitafuta shimo la fuko juu ya tuta la kanisa, nikammimina Enid polepole kwa faneli ya mafuta ya trekta, ambayo nilikuwa nimeiosha. Nikasali Baba Yetu, nikaenda kulisha kondoo.

Mwezi Mei fuko wakamtoa. Bi Orrell alikuja kukagua, akaona kichuguu cha udongo wa kijivu, akapiga magoti, uso ukamng'aa. Akasema huenda ni jiko la kale, la kabla hata ya kanisa. Nikamwambia si jiko.

"Umejuaje?"

"Ni mke wangu huyo, mama."

Akanishika bega, kwa upole kabisa, kama unavyomshika mzee aliyefiwa akaanza kuchanganyikiwa. Kisha akaendelea kumjaza Enid kwenye kopo, akabandika karatasi, akampeleka mjini akapimwe.

Sasa tuta limezungushiwa uzio, nami siruhusiwi kuketi pale. Ofisini kwao nimepiga simu mara kadhaa. Kila anayepokea ni mpole, na kila mmoja ananipeleka kwa mwenzake. Nao wote nimewauliza jambo lile lile: mkishampima, mnamrudisha lini?