Programu Iliyoogopa Mvua

Kila mvua iliponyesha Chepseon, programu ya Chelimo ilianguka. Haikukohoa, haikuaga. Ilianguka tu, na foleni nzima kwenye kituo cha majani chai ikageuka kumtazama, kana kwamba mvua ameileta yeye.

Ilikuwa programu ya bure, wazi kwa yeyote duniani. Kazi yake kulinda folda na kupiga kelele faili mpya ikiingia; hapa kituoni, kila uzito kutoka kwenye mizani ulipitia kwake. Chelimo aliitunza peke yake, na dunia nzima ilimlalamikia yeye. Kuhusu kuanguka huku, watumiaji wa ng'ambo walimwandikia: "Kwetu iko sawa." Kwao magunia hayalowi.

Leo mvua ilinyesha, na meneja wa kiwanda angekuja na lori kujionea. Ikianguka mbele yake, inang'olewa. Chelimo alikuwa amechoka hata akatamani ing'olewe. Lakini ikianguka, mizani husimama, majani hupata joto ndani ya magunia na kukataliwa. Na kwenye foleni alisimama shangazi yake, Rebeccah.

Chelimo aliketi kando ya karani Kuria, kompyuta magotini. Mkulima wa kwanza, Mzee Kimeli, akapima gunia lake. Uzito ukaingia kama faili.

"Mzee, hayo ni maji. Nenda ukung'ute," Kuria akasema.

Akabonyeza kitu. Programu ikaanguka.

"Umefanya nini hapo?" Chelimo akauliza.

"Nimefuta. Kilo za maji nipeleke wapi, madam? Nizikoroge ugali?"

"Hufuta kila siku?"

"Mvua ikinyesha tu."

Chelimo akashika kichwa. Programu iliitwa kwenye faili, ikaenda, ikakuta haipo, ikafa kwa mshtuko. Ni kama mgeni amealikwa chai, amekuta mlango umefungwa, ameamua kufia hapo hapo kibarazani.

Akaandika mistari michache: usipoikuta faili, nyamaza, endelea. Akaiwasha upya. Lori likaingia, meneja akashuka.

Zamu ya Rebeccah ikafika, akapima. "Mama, haya yana maji," Kuria akamwambia.

"Maji ni ya Mungu. Andika."

"Kung'uta, mama."

Kuria akafuta. Chelimo akafumba macho. Alipofumbua, programu ilikuwa bado inakwenda. Rebeccah akakung'uta, akapima tena, uzito ukaingia. Meneja alikitazama kioo cha kompyuta, akakosa wa kukaripia, akaamuru wapakie.

"Kwani leo umefanya nini?" Rebeccah akauliza.

"Nimeifundisha kunyamaza, Shangazi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Shangazi akamtwika gunia tupu, limelowa chepechepe.

"Basi beba hili. Hujachoka wewe."