Likizo Bila Mikono

Jumapili jioni Njambi alikaa kwenye kigoda nyumbani Waithaka, karibu na dirisha ili aone vizuri, akaandika upya orodha ya safari ya Naivasha, kule ziwani: blanketi mbili, ile nyekundu na ile ya mistari, thamosi, chapati kumi na sita zifungwe kwa gazeti halafu kwa leso, sweta ya kila mtu, dawa ya tumbo ya mtoto. Chini kabisa aliandika "Kulala mpaka saa tatu asubuhi", akapiga mistari miwili chini yake, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Orodha hiyo alikuwa ameiandika kwa miaka miwili. Sasa ilikuwa Agosti, mwaka wa 2006.

Mumewe, Muigai, alikuwa fundi wa kuchapa huko River Road, orofa ya pili, juu ya duka la misumari. Walichapa programu za mazishi. Picha ya marehemu mbele, nyimbo nyuma, katikati maisha yake na majina ya jamaa. Mazishi mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, na kila mara kuna shangazi aliyesahaulika, jamaa wanarudi mbio, kazi inaanza upya. Basi Muigai alitoka nyumbani mtoto akiwa bado amelala na kurudi akiwa ameshalala. Binti yao Waringa, wa miaka minne, alimjua baba kwa koti lililoning'inia mlangoni. Krismasi moja alimkuta sebuleni mchana akamwambia, "Karibu anko, kaa hapo, mama anakuja." Muigai akakaa pale alipoonyeshwa. Njambi aliona, na wiki hiyo akanunua daftari la orodha.

Alhamisi alilibeba hilo daftari mpaka River Road kwa mwenye kiwanda, Mzee Wahome.

"Mzee, nipatie huyu mtu siku tatu tu."

Wahome alisoma orodha yote, maana alizoea kusoma kabla ya kuchapa. Alisahihisha neno moja kwa kalamu.

"Chapati kumi na sita ni kidogo," alisema. "Mama Waringa, mimi si mtu mbaya. Lakini watu hawataacha kufa ati kwa sababu nyinyi mmeenda kuangalia kiboko."

"Si mtachapa Jumatatu?"

"Jumatatu watakuwa wameshazikwa." Alifunga daftari. "Sikia. Mimi sihitaji Muigai yote. Muigai anakula, anapiga stori. Nahitaji mikono. Aache hizo mikono, yeye aende."

Muigai, kutoka kwenye mashine, aliuliza kama itaoshwa. Wahome alisema ataiosha mwenyewe, mafuta taa kwanza, halafu sabuni.

Mkono wa kushoto ulitoka vizuri. Wa kulia ulisumbua kwa sababu ya uvimbe kwenye kifundo, kwa hivyo Njambi aliuzungusha polepole kama mfuniko wa chupa ya jemu. Hapakuwa na damu. Waliilaza mezani kando ya kopo la wino mweusi. Mikono ilijinyoosha, ikapanga karatasi kingo kwa kingo, ikaanza kulisha mashine.

Walifika Naivasha Ijumaa mchana, kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, chumba kimoja chenye vitanda vitatu. Mtunza nyumba, Oduor, alimpa Muigai kitabu cha wageni atie sahihi. Njambi akatia.

"Mikono iko kazini," alieleza.

"Wewe afadhali," Oduor akamwambia Muigai. "Mwezi wa pili alikuja mzee mmoja ameacha kichwa ofisini Westlands. Tulimwekea kiti hapo kwa maji, akakaa vizuri tu, hakusumbua mtu."

Jumamosi Muigai alilala mpaka saa tatu, akageuka, akalala tena mpaka saa sita. Waringa alikaa kwenye kitanda cha pili na kumtazama muda huo wote, kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Wakati wa chakula Njambi alianza kumlisha samaki. Waringa akaingilia.

"Mama, unampatia na mifupa."

Alichukua sahani, akachambua samaki kwa vidole, mfupa mmoja mmoja, akaupanga ukingoni.

"Fungua. Tafuna. Usiongee na chakula mdomoni."

"Sijaongea," alisema Muigai.

"Sasa hiyo ni nini?"

Alimfunga vifungo vya sweta, akaruka kimoja, sweta ikakaa upande, na Muigai akatembea nayo hivyo siku mbili. Jumapili walizunguka kando ya ziwa. Kulikuwa na tope.

"Baba, pole pole," Waringa akasema. "Ukianguka utajishika na nini?"

Muigai alipunguza mwendo. Njambi, nyuma yao na thamosi, aligeuka akaangalia ndege mpaka macho yakakauka.

Jumatatu mikono ilikuwa mezani, safi, inanuka mafuta taa. Ilikuwa imechapa programu za marehemu kumi na mmoja bila kusimama, maana haikuwa na mdomo wa kusema imechoka. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye viungo. Muigai aliivaa, na Wahome akamvutia kiti.

"Nimeona kitu," alisema. "Hizi mikono haziendi msalani, haziombi chai. Kuanzia leo wewe nenda nyumbani saa kumi. Zenyewe wacha hapa."

Siku hizi Muigai hufika Waithaka jua likiwa juu. Waringa humlisha, humfungua viatu, humsomea herufi alizofundishwa. Muigai hupewa mikono Jumapili tu, na huivaa kwenda kanisani. Kwaya ikianza na watu wakipiga makofi, mikono yake haipigi. Imelala. Waringa huiinua mmoja baada ya mwingine kutoka mapajani mwa baba yake na kuigonganisha taratibu, isiamke.