Fomu Namba Tisa

Mtafiti alikuwa akipanga mezani nakala za sheria ya vyama vya kiraia, kifungu kwa kifungu, karani wa mapokezi alipochungulia mlangoni.

"Dada, kuna chama kinakuulizia."

"Watu wangapi?"

"Mmoja. Lakini ndio wote."

Mgeni alikuwa mama wa makamo. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa fundi cherehani, wa kushoto wa muuza samaki, bado una magamba. Alipokohoa, walikohoa wanawake thelathini na wawili. Alijitambulisha: Umoja wa Kina Mama wa Zahanati ya Mtaa wa Chini, Wazima na Waliotangulia, uliofutwa miaka mitano iliyopita. Mtafiti akamvutia kiti, akafungua daftari.

"Kosa lenu?"

"Tuliandika barua kuuliza kwa nini chumba cha kujifungulia hakina maji. Wiki ya pili tukaambiwa hatujajaza fomu namba tisa. Kwenda kuichukua, haijachapishwa."

"Hata leo haijachapishwa," alisema mtafiti. Alikuwa amepewa ufadhili kuichunguza sheria hiyo, na fomu ile ameitafuta mwaka mzima.

"Basi mwanangu, sitaki makubwa. Siku ya kusoma ripoti yako, nitaje. Jina zima, usinikate mkia. Hao wa mkiani, waliotangulia, walitufia katika chumba kile kile."

"Nitakutaja, mama."

"Haya. Maana nyinyi wasomi, kuahidi mkiwa mmekaa hamjambo. Tutaona ukisimama."

Siku ilipofika, msajili wa vyama alikaa mstari wa mbele. Mkurugenzi wa taasisi alimvuta mtafiti nyuma ya pazia.

"Binti yangu, sema tu 'baadhi ya vyama'. Ukitaja jina, ufadhili wa mwaka wa pili usahau. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha mpaka nimefika ukutani, mzee."

Akapanda jukwaani. Akasoma vifungu, akasoma takwimu, na alipofika ukurasa wa arobaini akalisoma jina.

"Nipo!" aliitika mgeni kutoka viti vya nyuma, kwa sauti thelathini na mbili. Mhudumu aliyekuwa akigawa maji akampelekea glasi thelathini na mbili.

Chama hakikurudishwa. Fomu namba tisa haijachapishwa mpaka leo, na kina mama bado huenda kujifungua na ndoo zao kichwani. Barua ya kusitisha ufadhili ilikuwa juu ya meza ya mtafiti kabla ya saa kumi jioni siku ile ile.

Lakini pale ukumbini, msajili alikuwa ametoa kalamu, anaandika kwamba chama kilichofutwa kimehudhuria mkutano bila kibali.

"Rudia jina," alisema bila kuinua kichwa. "Fupi linatosha."

"Fupi halipo," alisema mtafiti. Akasogeza kipaza sauti, akalirudia polepole ili msajili apate kuandika lote: Umoja wa Kina Mama wa Zahanati ya Mtaa wa Chini, Wazima na Waliotangulia.